Kutafuta nyumba kwa ramani ya simu: msaada wake na mipaka yake kwetu Butembo na Beni

Katika makanisa yetu ya Butembo na Beni kuna ombi linalorudi mara kwa mara baada ya ibada ya Jumapili: "Mchungaji, mtusaidie kupata nyumba." Anayeomba anaweza kuwa mwalimu aliyehamishwa kikazi, mwanafunzi anayeanza masomo, au mama aliyefika mjini na watoto na godoro moja. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika wilaya ya Beni yamewasukuma watu wa Oicha, Mbau, Eringeti, Mangina na vijiji vingine kuelekea mijini. Katikati ya mwaka 2024 vita vilifika Kanyabayonga, na ndugu wengine wakapanda kuelekea Lubero na Butembo. Baada ya Goma kutwaliwa mwishoni mwa Januari 2025, hata ofisi za jimbo la Kivu ya Kaskazini zilihamia Beni. Watu wakiwa wengi kuliko vyumba, kodi hupanda, na anayetafuta huchoka kabla hajapata.

Vijana wetu wengi wanasema: tutumie ramani za kwenye simu. Ni wazo jema. Katika makala haya tunaeleza ramani hizo ni nini, zimewasaidiaje watu mahali pengine, zinaweza kutusaidia vipi hapa kwetu, na ni mambo gani hatupaswi kuyaweka humo kamwe.

Ramani unayoweza kuiuliza

Ramani ya zamani ya ukutani inakuonyesha yale tu ambayo mchoraji alitaka uyaone. Ramani ya simu ni tofauti: unaiuliza, nayo inajibu. Ukiigusa inakukaribisha au inakupeleka mbali. Ukiandika jina la kartie inakupeleka hapo. Ukichagua sehemu mbili inapima njia iliyo kati yake.

Siri yake ni matabaka. Chini kabisa kuna picha zilizopigwa na setilaiti kutoka juu. Juu yake huwekwa barabara na mito, kisha majengo, kisha majina: shule, soko, kanisa, kituo cha afya. Kila tabaka linaweza kuongezwa au kuondolewa. Mtu anayetafuta nyumba anaweza kutaka kuona shule na maji tu, na kuyaficha mengine yote.

Kila mahali duniani pana namba mbili: ya kwanza inaonyesha umbali kutoka mstari wa ikweta, ya pili inaonyesha upande wa mashariki au magharibi. Sisi tunakaa karibu sana na ikweta. Kwa hiyo namba ya kwanza ya Butembo ni ndogo mno, kama 0,14 kaskazini, na ya Beni ni kama 0,49. Namba ya pili kwa miji yote miwili ni 29 na ushee mashariki. Kwa namba hizo simu inajua kwamba kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 44 hivi kwa mstari ulionyooka. Lakini anayesafiri kwa barabara ya taifa namba 2 anajua kwamba ni zaidi ya 50. Hili ni somo la kwanza: umbali wa ndege si umbali wa miguu. Katika vilima vya Butembo tofauti hiyo inaweza kuonekana hata kati ya nyumba na kisima.

Jambo moja linawashangaza wengi: simu haihitaji mega ili ijue mahali ilipo. Inapokea alama za setilaiti bila malipo. Mega zinahitajika kwa kupakua picha ya ramani yenyewe. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinaruhusu kupakua ramani ya eneo zima mara moja, mahali penye intaneti nzuri, kisha kuitumia njiani bila kulipa chochote.

Jinsi ramani na nyumba zilivyokutana

Mwaka 2005, kule Marekani, Paul Rademacher alikuwa akitafuta nyumba ya kupanga katika eneo la San Francisco. Matangazo yalikuwa mengi katika tovuti ya Craigslist, lakini yalipangwa kama orodha ndefu ya maneno. Msomaji alilazimika kufungua tangazo moja moja, kisha kutafuta penyewe ni wapi. Mwaka huohuo Google Maps ilikuwa imetokea. Rademacher akaviunganisha viwili hivyo katika tovuti aliyoiita HousingMaps: mtu alichagua mji na kiasi cha kodi anachoweza, na nyumba zikatokea kama alama juu ya ramani. Kwa kutazama mara moja aliweza kujua iliyo karibu na kazi na iliyo mbali. Leo njia hiyo imeenea kwa wafanyabiashara wa nyumba katika nchi nyingi.

Tukiangalia vizuri, shida aliyoikuta Rademacher ndiyo yetu ya leo. Katika vikundi vya WhatsApp vya Butembo na Beni tunasoma: "Nyumba inapangishwa, vyumba viwili, garanti miezi mitatu." Picha ipo, namba ya simu ipo, lakini mahali hapajulikani. Mtafutaji anapanda pikipiki, anamlipa motari, anamlipa komisioneri pesa ya kutembezwa, na akifika anakuta nyumba iko upande wa pili wa mji, mbali na shule ya watoto wake. Akienda hivyo mara tano, pesa ya chakula cha juma imekwisha.

Ramani isiyo na majina haimsaidii mtu

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya San Francisco na kwetu. Kule kila nyumba ina namba na kila barabara ina jina lililoandikwa. Kwetu tunasema: "Ukivuka daraja, panda kushoto, uliza kwa fundi wa milango." Ramani haimjui fundi wa milango.

Wenzetu wa Afrika ya Mashariki walilikuta tatizo hili mapema. Hadi mwaka 2009 mtaa wa Kibera, Nairobi, ambako watu wengi mno wanaishi, ulionekana karibu mtupu katika ramani za intaneti. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe walipita njia kwa njia wakiwa na vifaa vya GPS, wakaandika vyoo, visima, shule, zahanati na makanisa. Kazi hiyo iliitwa Map Kibera. Dar es Salaam nako, tangu mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa na mifereji, ili ijulikane maji ya mafuriko yanapita wapi. Kazi zote mbili ziliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuiongezea.

Sisi pia tumepitia jambo kama hilo, tena katika uchungu. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika jimbo letu. Ulianzia upande wa Mangina, ukaingia Beni, kisha Butembo na Katwa, na ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3 470 waliugua na 2 287 walikufa. Chanjo ilitolewa kwa waliomgusa mgonjwa na kwa wale waliokutana na hao. Kwa hiyo kila siku timu ziliuliza swali moja: huyu anakaa wapi? Watu wa kujitolea wa OpenStreetMap, pamoja na shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team, walichora barabara na mapaa ya maeneo yetu kwa kutazama picha za setilaiti, wengine wakiwa mbali sana na Kongo.

Mtu aliye ng'ambo anaweza kuona paa na kulichora. Hawezi kujua kwamba pale ni shule au ni ghala, wala kwamba watu wa hapo wanaiita njia ile kwa jina gani. Jina linatoka kwa mkaaji. Tena, kujua mlango wa mtu hakumfanyi mtu akufungulie. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mahali palijulikana, lakini kuaminiana kulikosekana.

Namna ya kutafuta

Kwa ndugu anayetafuta nyumba leo, tunashauri afuate hatua hizi.

Kwanza, kabla ya kufungua simu, andika kwenye karatasi mahali ambapo familia itakwenda kila siku: kazini au shambani, shuleni, majini, sokoni, kwenye kituo cha afya, kanisani. Yatafute hayo kwenye ramani na uyawekee alama. Sasa utaona eneo lililo katikati yao. Nyumba ya dola chache iliyo mbali inaweza kuwa ghali kuliko nyingine, ukihesabu pesa ya pikipiki ya kila asubuhi.

Pili, ukitafuta jina, jaribu maandishi zaidi ya moja. Mmoja anaandika Ngongolio, mwingine Ngongolyo. Mmoja anaandika Ruwenzori, mwingine Rwenzori. Simu haijui kwamba ni mahali pamoja. Anza na komini, kama Kimemi, Bulengera, Mususa au Vulamba kwa Butembo, na Beu, Bungulu, Mulekera au Ruwenzori kwa Beni, kisha shuka hadi kartie.

Tatu, pima kwa njia ya miguu. Usiridhike na mstari ulionyooka. Kama programu yako inaonyesha mistari ya mwinuko, itazame: mistari iliyobanana ni mteremko mkali, iliyoachana ni tambarare. Butembo ni mji wa vilima na mabonde. Kiwanja kilicho ukingoni mwa korongo kinapendeza wakati wa jua, lakini mvua kubwa ikinyesha udongo huondoka. Tazama pia kijito kinapita wapi.

Nne, kumbuka kwamba picha ya setilaiti ina umri. Inaweza kuwa imepigwa miaka kadhaa iliyopita. Daraja unaloliona huenda limevunjika, na nyumba mpya huenda hazimo. Wala ramani haikuambii kama njia ina usalama usiku. Hilo waulize watu wanaopita hapo leo.

Tano, nenda ukaone, mchana, pamoja na mtu mwingine. Muulize mwenye nyumba kumi, shefu wa avenyu au shefu wa selile: nyumba hii ni ya nani? Waulize majirani wawili. Komisioneri wengi ni watu waaminifu wanaotafuta mkate wao, lakini nyumba moja ikipangishwa kwa watu watatu, wa kwanza kulia ni yule aliyelipa bila kuuliza.

Sita, usitume pesa kwa simu kwa sababu ya picha na alama kwenye ramani. Lipa baada ya kumwona mwenye nyumba, mbele ya shahidi, na upate karatasi iliyotiwa sahihi. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi mitatu. Ni vizuri mpangaji na mwenye nyumba wote wawili wajue hivyo.

Na anayetaka kununua kiwanja aelewe kwamba ramani si hati. Mstari uliouchora kwenye simu hauna nguvu mbele ya hakimu. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, haki kamili juu ya kiwanja inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji. Upande wa Mayangose, ambako mpaka wa hifadhi ya Virunga umeleta ugomvi wa miaka mingi, watu wanajua gharama ya kulima au kujenga mahali ambapo mpaka wake unabishaniwa.

Anwani ileile, macho mawili

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito zaidi. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuonyesha anwani mbili zilizotolewa kwa uangalifu. Kornelio aliambiwa amtafute Petro katika mji wa Yafa, kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya bahari. Anania wa Damasko naye alitajiwa jina la njia, jina la mwenye nyumba na jina la mgeni aliyemo. Ni kama sisi tunavyoelekezana: mji, alama inayojulikana, kazi ya mwenye nyumba.

Lakini katika sura ya 9 kuna upande mwingine. Baada ya siku kadhaa, watu waliotaka kumwua Sauli walijua yuko Damasko na wakalinda malango ya mji. Ndugu wakamteremsha ukutani usiku ndani ya kapu. Kule kujua mahali alipo ndiko kulikomwezesha Anania kumpelekea baraka, na ndiko kulikowawezesha wengine kumvizia.

Hapa kwetu hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Kama kanisa litaweka kwenye ramani ya wazi alama ya kila nyumba iliyopokea wakimbizi wa ndani, linakusudia kuwasaidia. Lakini ramani ya wazi haichagui msomaji. Anaiona mwenye kuleta unga na mafuta, na anaiona pia yule aliyechoma kijiji ambacho familia hiyo iliikimbia. Anaiona mume mkali anayemtafuta mke aliyejificha. Anaiona mwizi anayetaka kujua mjane gani anakaa peke yake. Na kitu kilichosambazwa kwenye simu mia hakirudi tena mfukoni.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni moja rahisi, ambayo hata mzee asiyetumia simu anaweza kuisimamia: kwenye ramani ya wazi tuweke vitu, tusiweke watu. Kisima, daraja, shule, kituo cha afya, kanisa, soko, jina sahihi la avenyu: hivyo ni mali ya wote, na kila alama mpya inamfaa anayetafuta makao. Majina ya familia zilizohama, namba zao za simu, vyumba walimofichwa, visiwemo.

Orodha ya wenye shida ya nyumba, na ya waumini walio na chumba kitupu, ikae katika daftari la mashemasi, mikononi mwa watu wawili au watatu waliochaguliwa. Tangazo la nyumba litaje kartie, alama moja inayojulikana, na mwendo wa miguu kutoka hapo: "Dakika kumi kutoka hospitali ya Katwa," kwa mfano. Linatosha kumsaidia mtu kuamua kama aje. Alama kamili ya mlango itumwe baadaye, kwa mtu mmoja aliyejulikana. Tena tuwakumbushe vijana wetu wazime ile huduma ya WhatsApp inayoonyesha mahali walipo kila dakika, wanapokuwa wamemtembelea mtu anayejificha.

Kazi ambayo kanisa linaweza kuifanya

Kuna kazi njema hapa kwa vijana wa makanisa yetu. Wengi wana simu, wana miguu yenye nguvu, na wanajua vichochoro ambavyo hakuna setilaiti inayojua majina yake. Jumamosi mbili zinatosha kwa kikundi kidogo kuandika visima, shule na njia za selile moja katika OpenStreetMap. Waanze kwa kumwona shefu wa kartie na kumweleza kusudi, ili wasidhaniwe kuwa wapelelezi. Baada ya yale tuliyoyaona wakati wa Ebola na wakati wa vita, mtu anayezunguka akiandika nyumba za watu huogopwa, na hofu hiyo ina sababu. Waende na mzee anayejulikana. Wasipige picha za watu, wala za kambi na vizuizi vya askari. Wakimaliza, wawaonyeshe wakaaji kile walichokiandika, ili warekebishe majina yaliyokosewa.

Ramani ya namna hiyo itamfaa mwalimu mgeni anayetafuta chumba karibu na shule, muuguzi anayekwenda kutoa chanjo, na baba aliyefika jana kutoka Eringeti ambaye hajui hata sokoni ni wapi. Itapunguza mizunguko ya pikipiki na pesa inayopotea. Lakini hatua ya mwisho, ile ya kutoka njiani hadi mlangoni, itaendelea kuwa kazi ya mtu anayemshika mgeni mkono na kumwambia mwenye nyumba: huyu tunamjua, mpokee.